Tunda Ulilolizika kwa Jina Langu

Kwako Dani, bibi yangu uliyenilea,

Walikuzika Ijumaa iliyopita. Nasema walikuzika kwa kuwa ndivyo watu wote wa Rusinga wanavyosema, lakini mimi nilikuwepo, na nilichokiona kikishushwa shimoni ni tunda la yago lililoviringishwa kwenye shuka lako la maua. Baba Mdogo alilikata mtini mwenyewe, akalibeba kifuani mpaka nyumbani, wanawake wakalipokea kwa kilio. Lilikuwa refu kama mkono wangu, na zito kuliko lilivyoonekana. Ziwa likikataa kumrudisha mtu, hilo ndilo tunalolilaza mahali pake, ili aliyekwenda apate pa kulala na waliobaki wapate usingizi. Hayo sibishani nayo. Lakini zamu yangu ya kutupia udongo ilipofika, mkono uligoma. Nikaumwaga udongo pembeni, watu wakaguna.

Waniwie radhi. Hatua kumi kutoka hapo niliwahi kuzikwa mimi, tena kwa yago hivyohivyo, na wewe ndiye uliyelia kuliko wote. Sasa nitaanzaje kuliamini tunda?

Unakumbuka yago la kwanza, lile la Babu? Nilikuwa na umri wa miaka sita hivi. Mtumbwi wake ulirudi wenyewe ufukweni, nyavu zimekunjwa vizuri ndani, kasia limelazwa juu yake, yeye hayumo. Mlimngoja siku nne. Siku ya tano ulinishika mkono tukaenda pamoja mpaka kwenye ule mti, na wakati wa kurudi ulinikataza nisitangulie mbele ya tunda. "Mpishe babu yako," ulisema, nami nikampisha. Tangu siku hiyo nilipewa amri mbili. Ya kwanza, maji yasinipite magoti. Ya pili, nikisikia jina langu likiitwa kutoka majini, hata kwa sauti ninayoijua, nisiitikie. Nifunge mdomo na kurudi nyumbani.

Watoto wenzangu waliogelea kama samaki kamongo, mimi nikisimama ukingoni na suruali imekunjwa. Walinicheka sana. Nikafika umri wa kunyoa ndevu, mtu wa kisiwani, mjukuu wa mvuvi, sijui hata kuelea.

Kisha nikapata ile nafasi ya kwenda kusoma Amerika. Ulinisindikiza mpaka gatini Homa Bay, ukakaa mgongo ukiwa umeelekea maji, ukala ndizi yako polepole huku meli ikipakia magunia. Sikuona chozi. Uliniuliza jambo moja tu: "Huko kuna ziwa?" Nikakwambia chuo kiko karibu na bahari. Ukauliza bahari ni nini. Nikasema ni ziwa lisilo na ng'ambo. Ukanitazama magotini, ukasema, "Mpaka hapo tu, nyakwara." Mjukuu wangu, ulimaanisha, na ulipolitamka neno hilo lilikuwa na uzito wa kiapo. Nikaapa. Dani, niliapa kwa moyo wote, na kwa miaka mitatu na nusu nilitimiza.

Kilichonivunja ni majivuno. Chumbani nilikaa na kijana mmoja, Keoni, mzaliwa wa visiwa vya mbali vya bahari ile, mcheshi, mtu wa kuimba akipiga pasi. Kwao watu husimama juu ya ubao mrefu wakaacha wimbi liwabebe mpaka nchi kavu. Wazee na watoto hucheza mchezo huo. Siku ya kwanza aliponiuliza ninatoka wapi nilimjibu kisiwani, na tangu hapo akaniona ndugu. Kila alipokwenda kuteleza mawimbini alinibembeleza, nami nikatoa visingizio: mtihani, homa, kiatu. Ningesema tu, "Sijui kuogelea, nilimwahidi bibi yangu." Maneno matano. Sikuyasema kwa miaka mitatu na nusu.

Mwaka wa mwisho visingizio viliisha. Tulikuwa sita asubuhi hiyo, ufukwe mtupu, jua halina joto. Keoni aliulaza ubao mchangani na kuanza kuusugua mshumaa juu yake, kutoka kichwani mpaka mkiani, ili miguu isiteleze. Harufu ile ya mshumaa ilinipeleka kanisani kwetu siku za misiba. Kisha akaniambia nilale kifudifudi nijizoeze kupiga kasia kwa mikono. Nikajizoeza. Akaniambia nigeuke chali, nifumbe macho, nisikilize mawimbi mpaka nijue yanavyokuja. Nikageuka, nikafumba.

Sijawahi kusikia maji ya namna ile. Ziwa letu hupigapiga ukingo. Bahari ile ilivuta pumzi. Ilivuta, ikanyamaza, ikaitoa, na katika ule ukimya wa katikati nilipata hisia kwamba kuna kitu kinanihesabu. Wenzangu walikuwa wamenizunguka. Mmoja alikuwa ameivua kofia kwa sababu ya upepo ameishika kifuani. Msichana mmoja alikuwa amejifunika uso kwa viganja akinicheka, maana nilikuwa nimekakamaa kama samaki wa kukaushwa. Keoni aliinamisha kichwa akinitazama. Mmoja wao akapiga picha.

Tukaingia. Maji yakanipita magoti, Dani. Niliyaona yakipita, nikakukumbuka, nikaendelea.

Sitakuficha kitu: nilisimama. Keoni alinisukuma, akapiga kelele, "Simama!" nami nikasimama, ubao ukakimbia chini yangu, ufukwe ukanijia mbio, nikahisi furaha ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada. Labda nilihesabu mpaka saba. Niliwaza, laiti Babu angekuwa hapa. Neno hilo lilipopita tu kichwani, ubao uliniponyoka.

Chini kulikuwa kijani na kimya. Nilivingirishwa mpaka sikujua juu ni wapi. Maji yalinionja mdomoni, machungu ya chumvi, maji yasiyonyweka. Na hapo nikasikia jina langu. "Okeyo-o!" Uliniita vile unavyoniita chakula kikiwa tayari, na ile *o* ya mwisho ukaivuta. Sauti ilitoka chini, kule kwenye giza, na kifua changu chote kilitaka kukujibu. Nilikuwa nimeshafungua meno, Dani. Kisha nikasimama tena ukingoni na suruali yangu iliyokunjwa, mtoto wa miaka sita, nikaufunga mdomo.

Keoni alinivuta kwa nywele. Anasema nilikaa chini muda mrefu mno, na kwamba nilipotolewa nilikuwa nimeuma midomo mpaka ikatoa damu. Daktari alisema ningelivuta funda moja tu, nisingetoka.

Nikalazwa hospitali. Mapafu yaliuma, lakini kilichonishinda kilikuwa aibu. Kila nilipochukua kalamu kukuandikia, niliona magoti yangu. Kukudanganya nisingeweza, na kusema kweli nisingeweza. Nikanyamaza mwezi, nikanyamaza miezi sita, nikijiambia nitakueleza yote nikifika, uso kwa uso. Sikujua kwamba Keoni, kwa huruma yake, alikuwa ameikuta anwani ya Baba Mdogo kwenye droo yangu akaitia ile picha kwenye bahasha na kuituma, ili watu wa kwetu wafurahi kuniona. Hakutia barua. Nyuma ya picha aliandika jina langu na tarehe ya siku ile, moja tu.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kwa macho yenu. Kijana amelazwa chali juu ya ubao, macho yamefumbwa, mwili umekakamaa. Watu wamemzunguka. Huyu amevua kofia, yule analia viganjani, mwingine ameinamisha kichwa. Hata kwetu siku hizi watu humwita mpiga picha matangani, wakajipanga kandokando ya jeneza. Nyuma, jina na tarehe. Halafu kimya, mwezi baada ya mwezi. Mngefikiri nini kingine? Ningekuwa Baba Mdogo na mimi ningeshika jembe.

Niliposhuka Homa Bay hakuna aliyenijua, nikashukuru. Mbita ndipo mambo yalipoanza. Mpiga kasia, yule jirani yetu aliyenifundisha kutega ndege, aliniona nikija na sanduku akasimama ndani ya mtumbwi wake. Aliniuliza kwa Kiswahili, lugha tunayoitumia kwa wageni na askari:

"Wewe ni mtu ama ni kitu ingine?"

"Ni mimi, Okeyo."

"Okeyo mimi nilikula matanga yake. Ng'ombe dume ilichinjwa. Shimo ni mimi nilichimba."

"Basi nivushe nikalione."

Akanionyesha maji kwa kasia. "Ingia maji kwanza. Kama wewe ni ya huko, hutarudi."

Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikasimama hapo huku wanawake wauza samaki wakinitazama. Nikatoka. Alinivusha, lakini njia nzima aliketi kinyumenyume ili asinipe mgongo.

Wewe ulikuwa langoni tayari. Sijui nani alikwambia. Nilisema, "Dani, ni mimi," nawe ukajibu, "Najua ni wewe. Usipite hapo." Aliyetolewa kwa lango hilo hawezi kurudi kwa lango hilo, ulisema. Ukachukua panga, mwanamke wa umri wako, ukakata tundu kwenye ua wa minyaa nyuma ya nyumba, utomvu mweupe ukikutiririkia viganjani, nami nikaingia nyumbani kwetu kwa magoti na mikono. Ulinipa ugali na samaki ngege, ukakaa kunitazama nikimeza. Nilipomaliza uliushika mkono wangu, ukaunusa.

"Mshumaa," ulisema.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mshumaa.

Mke wa Baba Mdogo alipita na mtoto mgongoni. Nikauliza huyu ni nani. Ukasema, "Huyo ndiye Okeyo." Mtoto alizaliwa wiki chache baada ya matanga, alilia siku nane mfululizo, na kila mara ulipolala nilikujia ndotoni, nimelowa chapachapa, nanukia mshumaa, nasimama mlangoni naomba jina langu lisipotee. Mlipompa, akanyamaza papo hapo. Nikauliza kwa mzaha ambao haukuchekesha, "Na mimi nitaitwa nani?" Ukasema, "Wewe utaitwa nyakwara. Hilo jina mtoto amelizoea."

Ukaileta ile picha. Nikakueleza kila mtu ni nani na anafanya nini, kofia, kicheko, mchezo. Ulisikiliza kwa adabu, kisha ukaweka kidole chini, miguuni pangu, penye kivuli kirefu cha mtu mchangani. "Na huyu?" Nikasema ni kivuli cha mpiga picha. "Babu yako," ulisema, "na kasia lake." Nilicheka. Baadaye nilipokuwa peke yangu niliitazama vizuri. Vivuli vya wenzangu wote vimeanguka kushoto. Kile kimeanguka kulia.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichotukosanisha ni kaburi. Baba Mdogo alitaka yago lifukuliwe siku ileile, kijana yu hai, mambo yaishe. Wewe ulikwenda ukakaa juu ya kaburi, ukanyoosha miguu. "Ziwa limepewa Okeyo, limetulia," ulisema. "Mkilitoa tunda, ziwa litakuja kuuliza aliko." Nami, Dani, nilikujibu maneno ya mtu aliyesoma. Nilisema unalipenda tunda kuliko mtu. Nilisema siku utakayolitoa mwenyewe ndiyo siku nitakayorudi kulala kwetu, na kabla ya hapo, ng'o. Hukuinuka.

Nikaenda Suna, mbali na maji, nikapata kazi ya ualimu na chumba nyuma ya duka la nguo. Mwaka ukapita, na wa pili ukaelekea kwisha. Kila siku ya soko, wachuuzi waliniletea kifuko cha omena kutoka kwako, kimefungwa kwa fundo lako lilelile. Niliwala wale omena. Kifuko niliwarudishia kitupu, bila salamu. Nilitaka ushindwe wewe kwanza. Leo ninaandika sentensi hiyo na ninaona haya kwa kila silabi.

Nawe ukashindwa. Asubuhi ile Baba Mdogo alilikuta kaburi langu liko wazi, jembe lako limesimamishwa kando, mchanga umekusanywa vizuri kama wa mtu anayetarajia kuulizwa. Ulikuwa umekwishafika ufukweni, yago ndani ya gunia lako. Wewe, ambaye ulikaa mgongo kwa maji maisha yako yote, ulimwambia mpiga kasia, "Nivushe, naenda Suna kumchukua mjukuu wangu."

Alinisimulia yeye mwenyewe, safari hii kwa lugha yetu, akilia. Ilikuwa adhuhuri. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa nyasi. Ulilipakata gunia magotini kama mtoto. Katikati ya mkondo ulimwambia asimamishe kasia, ukasema na maji: "Hiki ni chenu. Yule aliye Suna ni wangu." Ukaliachia. Anasema halikutoa hata sauti ya kuanguka. Akashika tena kasia, akavuta mara tatu au nne, kisha akaliona: wimbi moja, refu, laini, bila wenzake mbele wala nyuma, linakuja polepole juu ya ziwa lililolala. Liliupindua mtumbwi; yeye aliibuka, wewe hukuibuka. Baba Mdogo anasema huyo ni mwongo, mtumbwi wake ulikuwa na ufa na kila mtu anajua. Inawezekana. Lakini mimi nimewahi kusimama juu ya wimbi kama hilo, na alipolionyesha kwa mkono nililitambua.

Walikutafuta ziwani siku sita. Niliogelea pia. Keoni alinifundisha baada ya hospitali, kwa subira nyingi. Niliogelea mpaka pale mpiga kasia aliponionyesha, nikazama nikiwa nimefumbua macho, na hapakuwa na wewe. Kilikuwepo kijani kilekile.

Sasa Baba Mdogo anataka niwe mtu mzima nikubali. Labda ana haki. Ila mtoto ameanza kitu. Tangu siku uliyolifukua yago ameacha kuitika jina lake. Ukimwita Okeyo ananyoosha kidole kwangu. Nimerudishiwa jina, na wewe ndiye uliyeniletea. Nilikuwa nimelitaka sana. Lichukue, Dani, wapewe wote wanaolitaka, urudi unikataze maji.

Nimehama Suna. Ninalala kwetu, kama nilivyoahidi, katika nyumba yako. Baba Mdogo alitaka kuliziba lile tundu la ua kabla minyaa haijajifunga, nikamkatalia, na kila asubuhi ninaikata mimea inayotaka kulifunika. Utomvu unawasha mikono. Wanasema nina wazimu, na wanasema kwa sauti ya chini, maana hakuna mtu Rusinga anayethubutu kubishana juu ya kurudi na mtu aliyewahi kurudi.

Jambo moja tu, kisha nikuache. Jumamosi mchana nilikuwa ufukweni nikiosha sufuria, maji yakinifika magotini. Uliniita. "Okeyo-o!" kama chakula kiko tayari. Ilikuwa sauti yako, Dani, mpaka kile kikohozi chako kidogo kinachofuata. Ilitoka pale katikati ya mkondo. Wapiga kasia wawili walikuwa karibu nami na hawakugeuza shingo.

Sikuitika. Nilifunga mdomo, nikaokota sufuria, nikapanda nyumbani, na machozi yalinitoka njia nzima, kwa sababu sijui kama nilikutii au nilikutelekeza. Ulinifundisha hivyo wewe mwenyewe. Kama ulikuwa unanijaribu, basi umeona kwamba sijasahau. Na kama kweli ni wewe uko huko na unaniita kwa haja, nisamehe, sina njia ya kukutofautisha na maji.

Kwa hiyo nakuomba uache maji. Zunguka nyuma ya nyumba, pale penye minyaa, pita kwa magoti na mikono kama nilivyopita mimi. Shuka lako sina, walilizika, nimekununulia jingine. Simama nchi kavu, uniite mara moja tu. Nitaitika kabla hujaimaliza ile *o*.

Ni mimi, mjukuu wako uliyemzika.